Mkeka Uliochanika si Kipimo cha Harambee Stars

Tarehe 22 Agosti 2025 Madagaska iliitoa Kenya kwenye robo fainali ya CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, katika uwanja wa Kasarani, kwa penalti 4-3, baada ya dakika 120 kumalizika kwa sare ya bao 1-1. Kipigo kama hicho huzaa mabishano ya aina mbili. Yapo ya mpira wenyewe: nani alimwachia mtu wa kumkaba, nani alichelewa kuingizwa, timu ilifanya nini baada ya kupata bao. Na yapo ya mkeka, yaani tiketi ya kubashiri: Kenya ilikuwa nyumbani, imeongoza kundi, makampuni ya kubashiri yameipa nafasi kubwa, basi kutoka kwake ni usaliti. Mabishano haya ya pili yamekuwa na sauti kubwa mno katika soka letu, na yanapotosha. Odi ni bei ya kununulia bahati. Anayeigeuza kuwa ahadi ya timu anadai deni ambalo hakuna mchezaji aliyelikopa.

Tazama safari nzima ya Kenya kwa macho ya mbashiri. Ilipangwa kundi moja na Moroko na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mataifa ambayo kila moja lilikuwa limeshatwaa kombe hili mara 2, pamoja na Angola na Zambia, na Kenya yenyewe ilikuwa inashiriki kwa mara ya kwanza. Ikamaliza ya kwanza kwa pointi 10: 1-0 dhidi ya Kongo, 1-1 na Angola, 1-0 dhidi ya Moroko huku ikicheza kipindi chote cha pili ikiwa na watu 10, na 1-0 dhidi ya Zambia. Nchi nzima ilishangilia. Lakini mtu aliyecheza handikapu, akiitaka Kenya ishinde kwa tofauti ya mabao 2, alichaniwa mkeka katika kila mechi, pamoja na ile ya Moroko ambayo Wakenya wataisimulia kwa miaka. Kuna jambo la ajabu zaidi. Soko la kawaida la kushinda, sare au kupoteza hufungwa baada ya dakika 90 na zile za nyongeza. Kwa hiyo mechi ya Madagaska, katika vitabu vya makampuni, ilikuwa sare. Aliyeipa Madagaska ushindi kwenye soko hilo alipoteza fedha zake sawasawa na aliyeipa Kenya, ingawa timu yake ndiyo iliyokwenda nusu fainali. Kipimo kinachoita ushindi wa kihistoria hasara, na kuita kutolewa mashindanoni sare, kinapima kitu kingine kabisa.

Kinachopimwa ni bei, na bei ina faida ya muuzaji ndani yake. Chukua mfano wa odi za kawaida: timu kubwa 1.50, sare 4.00, timu ndogo 6.50. Gawanya 1 kwa kila namba na utapata takriban asilimia 67, 25 na 15. Jumla ni 107, wakati uwezekano wote wa mechi moja hauwezi kuzidi 100. Hizo 7 za ziada ndizo chakula cha kampuni. Hata tukisahau faida hiyo, odi ya 1.50 yenyewe inakiri kwamba katika mechi 3 za namna hiyo, timu kubwa itakwama katika moja. Shabiki husoma 1.50 akasikia "hakika". Halafu huja uchawi wa kujumlisha: timu 10 "za uhakika" zenye odi ya 1.30 kila moja. Mkeka huo utalipa karibu mara 14 ya dau, na kwa hesabu hizohizo za kampuni nafasi ya kutiki ni kama 7 katika 100. Mechi 9 zikipita na moja ikagoma, lawama zote zinaiangukia timu hiyo moja, kana kwamba kosa ni lake na si la aliyezifunga 10 kwenye kamba moja.

Najua jibu litakalokuja: odi hutengenezwa na watu wanaoweka fedha zao, hivyo zina akili kuliko mchambuzi wa redioni. Ni kweli, na nadhani zina akili kuliko wengi wetu tunaoandika magazetini. Lakini akili hiyo huonekana mechi zikiwa maelfu. Mechi moja haithibitishi odi wala haiikanushi. CHAN hii ilitupa somo zuri la jambo hilo: Kenya iliifunga Moroko, Moroko ikaitoa Tanzania kwa 1-0, Tanzania ilikuwa imeifunga Madagaska 2-1 kwenye makundi, na Madagaska ikaitoa Kenya. Mwenye kutaka kupanga timu hizo nne kwa ubora kwa kutumia matokeo hayo tu atazunguka mpaka kesho.

Jibu la pili ni zito zaidi. Tukiacha kudai kile tulichotarajia, makocha na viongozi wa soka watajificha nyuma ya bahati. Hapana, watabanwa zaidi. Benni McCarthy, aliyekuwa kocha wa Kenya katika mashindano hayo, hawezi kuulizwa kwa nini odi haikutimia, maana hana la kujibu. Anaweza kuulizwa kwa nini timu iliyotangulia kwa bao la Alphonce Omija mapema kipindi cha pili ilisawazishiwa kwa penalti kama dakika 20 baadaye, na kwa nini haikufunga zaidi ya bao moja katika mechi yoyote kati ya 5. Swali hilo la mabao lilikuwapo hata siku za shangwe, ila ushindi ulilifunika.

Wengine hukimbilia neno baya kabisa, kwamba mechi imeuzwa. Uozo huo upo. Mwaka 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wa Kakamega Homeboyz kwa kupanga matokeo. Lakini wapangaji hukamatwa kwa kufuatilia fedha na mawasiliano yao. Timu iliyopewa nafasi kubwa ikitolewa, hilo pekee si ushahidi wa lolote, na kulirusha neno hilo kila wikiendi kunawafaa wahalifu halisi, kwa sababu siku ya tuhuma ya kweli hakuna atakayesikiliza.

Lililonikera kuliko yote ni jinsi mabishano ya odi yanavyomfuta mpinzani. Husikii alichofanya, unasikia tu kwamba hakustahili. Madagaska haikuokotwa njiani: ilishika nafasi ya tatu katika CHAN iliyotangulia kule Algeria, mashindano ambayo Kenya haikuwamo. Baada ya kuitoa Kenya ilisonga hadi fainali, ikafungwa na Moroko 3-2.