Toa Hiyo Treni Kwenye Boksi

Tusidanganyane. Treni ya modeli ambayo haijawahi kutolewa kwenye boksi lake si sanaa, si historia, na wala si mchezo. Ni akaunti ya akiba yenye magurudumu.

Nasema hivi kwa sababu majuzi niliambiwa nimeharibu mali. Nilikuwa nimenunua mtumba: modeli ya U25C, kichwa cha dizeli cha General Electric, kipimo cha 1:87. Nikakitoa rangi ya kampuni ya Marekani kwa spiriti na mswaki mzee, nikakiosha kwa sabuni ya vyombo, nikapiga praima, halafu nikakipuliza upya kiwe cha kwetu. Mkusanyaji mmoja akaona picha akaniambia, "Hapo umeua bei."

Umeua bei! Kwani mimi nafuga ng'ombe wa kuuza?

Hebu angalia mji huu. Nganya mpya ikiingia barabarani bila michoro, nani ataipanda? Hakuna abiria amewahi kulia eti Isuzu imepoteza rangi ya kiwandani. Tunajua kabisa kwamba gari linakuwa letu siku fundi anapoligusa kwa rangi. Sasa kwa nini tukifika kwa treni tunaanza kuongea kama madalali?

Wengine watasema hii ni hobi ya wazungu. Sawa, lakini reli yenyewe ilifika Nairobi mwaka wa 1899, na waliotoka jasho juu yake tunawajua. Dizeli za daraja la 93 zilizovuta mizigo hapa zilikuwa U26C, za General Electric hiyo hiyo. Ile U25C yangu ni binamu yake wa damu. Sikuiba chochote, nimerudisha jamaa nyumbani.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Nenda makumbusho ya reli hapa Nairobi, yaliyofunguliwa 1971. Nyota wa pale ni injini za mvuke. Zile Garratt za daraja la 59 zilikuwa 34, na zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Dizeli zikapewa namba. Mvuke una mashairi, picha na watalii. Dizeli, ambazo ndizo wazazi wetu walizisikia usiku zikipita, zinaonekana kama vyuma tu. Mtu asipozikumbuka kwa mkono wake, zitaishia kwa kilo, kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Wakosoaji wana hoja moja ya kweli, na siikimbii. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja. Kwa kipimo cha 1:87 hiyo ni kama milimita 11.5, na magurudumu yangu yamekaa kwa 16.5. Ni kosa. Lakini ukingoja kiwanda cha ng'ambo kikutengenezee kumbukumbu yako kwa vipimo kamili, utangoja hadi uzeeke. Mimi nimeanza na nilichonacho.

Nilimpelekea babu. Alikuwa msaidizi wa dereva kwenye njia ya Mombasa. Akakishika kile kichwa kwa mikono miwili, akakigeuza polepole, kisha akakunja uso.

"Kijana, hii ni safi sana."

"Asante, babu."

"Sijakusifu. Yetu ilikuwa na masizi hapa juu, pale moshi unapotokea. Na huku chini, ukishapita Tsavo, ni vumbi jekundu tupu."

Alikuwa hajaniambia habari za kazi yake kwa miaka. Siku hiyo aliongea mpaka chai ikapoa.

Niliporudi nikasaga chaki nyekundu na makaa, nikapaka kwa brashi pale pale alipoonyesha. Sasa bei ndiyo imekufa kabisa. Na babu kila nikienda ananiuliza kama nimekuja nacho.