Sabuni isingoje bomba
Shule za msingi zisizo na maji ya bomba zifunge vibuyu chirizi vya kunawia mikono kando ya vyoo sasa hivi, badala ya kungoja mradi mkubwa usiojulikana utafika lini. Magonjwa ya kuhara hayangoji.

Gharama si kisingizio. Ili kupata kibuyu chirizi, dumu la lita 5 hutobolewa tundu dogo, hutundikwa kwenye mti na kufungwa kamba iendayo hadi kwenye kijiti cha kukanyagia. Mtoto akikanyaga, maji yanachirizika, na mkono mchafu haugusi dumu. Kipande cha sabuni hupotea upesi. Lakini sabuni ya unga ikikorogwa na maji ndani ya chupa yenye kizibo kilichotobolewa, hutosha watoto wengi.

Mazoea ya kunawa nayo hujengwa hata kwa rangi. Katika shule mbili za Bangladesh, baada ya kujengwa mahali pa kunawia na kuchorwa nyayo kutoka chooni hadi hapo, unawaji kwa sabuni ulipanda kutoka asilimia 4 hadi 74 baada ya wiki 6.

Wenye dhamana ya shule watenge fedha za sabuni muhula huu, wapange zamu za kujaza madumu kila asubuhi, na wakague vyoo wenyewe kabla mvua hazijaanza.