Dhamana ya Trekta Ifuate Msimu wa Kulima

Wakulima wengi na vyama vingi vya ushirika hununua matrekta kwa mkopo, na kila trekta jipya huuzwa pamoja na karatasi iitwayo dhamana. Siku ya kukabidhi ufunguo, muuzaji huisifu sana karatasi hiyo. Siku giaboksi inapoanza kuvuja, ndipo mnunuzi aitoapo kabatini na kuisoma kwa mara ya kwanza, mara nyingi kwa msaada wa kijana wa sekondari, kwa kuwa imeandikwa kwa Kiingereza. Hapo ndipo ajuapo kwamba alichonunua si kile alichodhani.

Yapo watakaouliza: tone la oili chini ya trekta lina uzito gani hata liandikiwe tahariri? Jibu ni katika namna trekta lilivyoundwa. Lori lina chasisi inayobeba kila kitu, na giaboksi yaweza kuteremshwa peke yake. Matrekta mengi hayana chasisi. Injini, nyumba ya klachi, giaboksi na ekseli ya nyuma vimefungwa kwa bolti, kimoja nyuma ya kingine, na vyenyewe ndivyo uti wa mgongo wa chombo. Basi sili ya mhimili uingiao katika giaboksi, ambayo ni pete ndogo tu ya bei nafuu, haibadilishwi mpaka trekta litenganishwe vipande viwili. Kazi hiyo yataka jeki madhubuti, mafundi wanaojua, na mahali safi. Isipofanywa, oili hulowanisha pleti ya klachi, na trekta huunguruma shambani pasipo kuvuta. Tena katika matrekta mengi oili hiyohiyo inayolainisha gia ndiyo inayoinua jembe; ikipungua, jembe nalo hugoma kunyanyuka.

Kwa hiyo gharama haimo katika sili, bali katika kazi ya kuifikia. Na hasa hapo ndipo dhamana nyingi hunyamaza. Hutoa kipuri, zikaacha ujira wa fundi na nauli ya kulipeleka trekta mjini. Nyingine huziweka sili na gasketi katika fungu la vitu vinavyochakaa, visivyodhaminiwa kabisa. Karibu zote hukana hasara ya msimu uliopotea, wakati kwa mkulima hasara iliyo kubwa ndiyo hiyo, na marejesho ya mkopo hayangoji.

Kuna pia hesabu ya muda. Kanuni ya kawaida ni miezi 12 au idadi fulani ya saa za kazi, lolote litakalotangulia. Katika kiwanda au bandari, ambako chombo hufanya kazi mwaka mzima, hesabu hiyo yaweza kuwa ya haki. Lakini Nyanda za Juu Kusini zina mvua za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Chama kilichopokea trekta mwezi wa Februari, wakati kilimo kimekwisha, kitaliona likipumzika chini ya mti miezi mingi huku dhamana ikipungua kila siku. Kazi nzito ya kwanza itaanza mvua za mwisho wa mwaka. Sili ikishindwa baada ya hapo, mwezi wa Machi, muuzaji atasema karatasi imekwisha, ingawa saa zilizotumika ni chache mno. Je, ni nini kilichodhaminiwa hapo, trekta au kalenda?

Hatusemi kwamba kila uvujaji ni kosa la kiwanda. Tundu la kupumulia la giaboksi likizibwa na matope, joto huongeza shinikizo ndani na oili husukumwa kupitia sili zilizo nzima. Waya na nyasi zikijisokota kwenye mhimili hukata sili. Dereva anayejaza oili kupita alama, au asiyefanya huduma ya kwanza kwa wakati wake, hana wa kumlaumu. Muuzaji ana haki ya kukataa mzigo huo. Lakini anayedai uzembe na auonyeshe, kwa maandishi, baada ya kufungua na kukagua. Neno la mdomo kupitia simu halitoshi.

Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humbana muuzaji mwenyewe kuhusu ubora wa bidhaa. Haimwambii mnunuzi amfuate mtengenezaji ng'ambo. Jambo hili ni muhimu. Matrekta ya Ursus kutoka Poland, yaliyoagizwa kwa mkopo na kuunganishwa Kibaha, yalikuja na jina la kampuni kongwe iliyoanza mwaka 1893; kampuni hiyo baadaye ilifilisika kwao. Lakini sheria hiyohiyo huwaruhusu wenye mapatano kuyaondoa masharti hayo kwa maneno ya wazi, na maneno hayo ndiyo yanayofichwa katika maandishi madogo. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na mahakama nchini. Hatuoni sababu ya hati ya dhamana kubaki katika lugha nyingine.

Twataka basi vyama vya ushirika, na Serikali inapoagiza matrekta, viweke haya katika mkataba kabla ya saini: dhamana ihesabiwe kwa saa za kazi, na isipungue misimu miwili ya kulima, ujira wa kulitenganisha trekta na safari ya fundi hadi shambani vilipwe na muuzaji, na panapotokea ubishi, mkaguzi awe CAMARTEC ya Arusha, taasisi iliyoundwa mwaka 1981 kwa ajili ya zana za kilimo, wala si fundi wa muuzaji peke yake.

Nanyi ndugu wakulima, andikeni katika daftari saa zinazoonyeshwa na mita kila jioni, na tarehe ya kila huduma. Mkiona oili chini ya nyumba ya klachi, simamisheni kazi, pigeni picha, mpelekeeni muuzaji barua siku ileile na mbaki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa. Msikubali fundi wa mtaani afungue hata bolti moja kabla ya mjumbe wa muuzaji kufika.