Kisu Hakiulizwi Kwao

Ndugu wafanya kazi,

Yamezuka mabishano kati yetu sisi wa gengi la reli la Kipkelion, stesheni ambayo wazee waliiita Lumbwa, na wenzetu wa mashamba ya chai ya Kericho. Mabishano hayo ni juu ya visu. Mmoja asema kisu ni cha Mjerumani tu, cha Mchina ni takataka. Mwingine asema cha Mwingereza kimeshinda vyote. Wa tatu hataki hata kukishika kisu kilichofuliwa na fundi wa kwetu. Tumesikiliza mpaka tumechoka. Leo twasema maneno yetu, na atakayekasirika na akasirike, ila asome mpaka mwisho, maana jambo hili si la kisu tu. Ni la vidole vyetu na mshahara wetu.

Kwanza habari ya mwenzetu wa gengi. Alinunua sokoni kisu cha kukunja, na bei yake ilikuwa kubwa kwa sababu ubavuni kimechorwa jina la Ujerumani. Alijivuna nacho. Wiki ya tatu alikuwa akikata kamba ya gunia, springi inayokaza bapa ikaachia, bapa likajikunja juu ya kidole chake cha shahada. Mpaka leo kidole kile hakikunjiki sawasawa. Sisi tulikichukua kisu kile tukakisugua kwa tupa, nayo tupa ikakila kama ilavyo msumari. Jina la Ujerumani lilikuwapo, lakini moto wa fundi haukuwapo.

Habari ya pili ni ya wenzetu wanaopogoa chai katika shamba moja. Walipewa visu laini, ambavyo kabla ya saa nne asubuhi vimekwisha makali. Kazi yao yahesabiwa kwa idadi ya miti. Kisu butu ni miti michache, na miti michache ni pesa chache. Walipolalamika, waliambiwa, "Visu hivi ni vya China, mlitaka nini?" Basi wakanyamaza, kana kwamba wamejibiwa. Ndugu zetu, hawakujibiwa. Walinyamazishwa kwa jina la nchi.

Sasa tutazame jina hili la nchi lilitoka wapi. Mwaka 1876 Mjerumani mmoja mtaalamu wa mitambo, Franz Reuleaux, alikwenda kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia, Marekani, akaandika kwao kwamba bidhaa za Ujerumani ni za bei rahisi tena mbaya. Hayo aliyasema Mjerumani mwenyewe! Wakati ule wafua visu wa Sheffield, Uingereza, walikuwa wakilia kwamba visu vya Solingen vyauzwa kwa jina la mji wao. Bunge la Uingereza likatunga sheria mwaka 1887 kwamba bidhaa za nje zisidanganye asili yake. Mjerumani akalazimika kuandika jina la nchi yake ili mnunuzi Mwingereza aliogope. Matokeo yake ni nini? Mafundi wa Solingen walizidisha bidii, na jina lililowekwa liwe aibu likawa sifa. Leo mwenzetu analipia zaidi jina lile lile. Basi lililokuwa baya mwaka 1876 limekuwaje zuri baadaye? Nchi haikuhama. Kazi ndiyo iliyobadilika.

Tena, wako wanaoapa kwa kisu cha askari wa Uswisi. Fahamuni kwamba visu vya kwanza vya jeshi lile vilifuliwa Solingen, kwa kuwa Uswisi wakati ule haikuwa na kiwanda cha kutosha kwa kazi ile. Karl Elsener ndiye aliyeanza kuwapelekea askari visu vilivyofuliwa Uswisi, mwaka 1891. Na kisu cha Okapi, kilichoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili kiuzwe katika makoloni yake ya Afrika, mwaka 1988 haki yake na vifaa vya kukitengenezea vilinunuliwa na kampuni ya Afrika Kusini. Je, vifaa vilipopanda meli, ubora ulibaki gatini ukipunga mkono?

Sisi watu wa reli hatuna haja ya kwenda mbali. Garratt za daraja la 60, zilizoingia kazini katika reli ya Afrika Mashariki mwaka 1953 na 1954, zilikuwa 29. Ziliagizwa kwa Beyer Peacock wa Manchester, lakini 12 za kwanza ziliundwa Ufaransa na kampuni ya Franco-Belge. Mchoro ulikuwa mmoja na masharti yalikuwa mamoja. Penye masharti hayo na mkaguzi wa kuyasimamia, nchi mbili zaweza kuunda injini moja.

Na anayemdharau fundi wa kwetu ajue hili. Mwaka 1978 wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walitangaza kwamba wahunzi wa Buhaya, magharibi ya Ziwa Nyanza, walikuwa wakipata chuma cha pua katika tanuri zao kiasi cha miaka 1500 hadi 2000 iliyopita, kwa kuupasha hewa moto kabla haijaingia tanurini. Babu zetu hawakungoja meli.

Basi kisu hufanywa na nini? Kwanza chuma chenyewe. Chuma cha kisu chataka kaboni ya kutosha, tangu nusu ya sehemu moja katika mia mpaka kufikia sehemu moja au kuipita. Kikiwa na kaboni kidogo mno hakiwezi kukazika, hata ukikichoma siku saba. Pili ni moto. Kisu hupashwa kupita digrii 800, kikazimishwa ghafula, kisha hutiwa moto mdogo mara ya pili ili kisivunjike kama kioo. Moto huu ukifupishwa ili kuokoa senti, kisu hufa, kiwe cha Solingen, cha Sheffield au cha Kamukunji. Tatu ni ribiti na springi. Nne, na hili ndilo kubwa, ni bei aliyoitaka mwagizaji. Kiwanda cha China hukufulia kisu kizuri ukikilipia kizuri, na kisu kibovu ukikiagiza kibovu. Anayeagiza kibovu hayuko China. Yuko hapa hapa, ofisini, na kalamu mkononi.

Hatusemi kwamba nchi si kitu kabisa. Nchi yenye sheria kali, yenye shule ya mafundi, na yenye mkaguzi asiyekula rushwa, humlinda mnunuzi. Jina la Solingen lilikingwa na sheria tangu mwaka 1938, na si kila mtu aruhusiwa kulichora. Lakini hapo kinachofanya kazi ni sheria na fundi, si udongo wa Ujerumani. Vitu hivyo viwili hata Kenya yaweza kuwa navyo, tukitaka.

Kwa hiyo, ndugu, mkienda sokoni msimuulize kisu kwao. Kipimeni. Kifungueni na kukifunga mara ishirini, mtazame kama bapa lacheza. Kizungushieni kitambaa kinene, kisha sukumeni mgongo wa bapa kwa kiasi: springi ikiachia, kirudisheni. Wekeni sumaku: bapa lisiposhikwa, yawezekana ni chuma cha vijiko, kisichokazika kwa moto. Na mkiwa na kisu cha zamani, jaribuni tupa pembeni ya makali: ikiteleza, kimekazwa, ikikila, ni bati.

Na kwa wakubwa wa kazi twasema wazi. Kisu cha kazi ni cha mwajiri kukitoa, nacho kitolewe kizima. Kabla ya visu vipya kununuliwa, wapogoaji wawili na fundi mmoja waviangalie na kuvijaribu kwenye miti, na visivyofaa virudishwe kwa mwuzaji. Kisu kikifa kabla ya wakati wake, miti iliyokosekana isikatwe katika mshahara wa mtu. Jibu la "ni vya China" tusilisikie tena. Twataka kuonyeshwa risiti na masharti ya ununuzi.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Hawakusema kisu kimetoka wapi. Sisi tunaobishana Ujerumani na China tumeshika mpini tu, na wengine wanakula nyama.

Ni sisi wenzenu wa gengi la reli, Kipkelion.

Umoja ni nguvu.