Dozi Wanapewa Bure, Chumba Tunawanyima

Ndugu zangu wakazi wa Dar es Salaam, hasa sisi wa Temeke, Mbagala na Mwananyamala tunaopishana nao kila alfajiri, nawaandikia juu ya wale tunaowaita mateja.

Mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, ya kwanza nchini. Mwananyamala ikafuata, kisha Temeke. Dawa hii haiuzwi. Aliyezama kwenye unga, yaani heroini, akiinywa, arosto inatulia kwa takriban siku nzima: hatapiki, viungo havimuumi, halazimiki kuanza siku kwa kusaka kete. Wahudumu wanaotoa dozi hiyo siku baada ya siku wanastahili heshima yetu.

Lakini dozi ni ya kila siku, na wengi hutakiwa kuinywa palepale mbele ya mhudumu. Anayelala stendi huenda kwa miguu au humbembeleza kondakta. Akikosa siku kadhaa mfululizo hurudishwa kwenye kipimo kidogo, na arosto inamvuta tena kijiweni. Asipokosa, saa nne asubuhi ametulia, akili yake anayo, na hana pa kwenda. Saa hiyo ndiyo nataka tuizungumze.

Anarudi maskani, katikati ya wanaovuta, maana huko ndiko anakoitwa kwa jina lake. Akitafuta chumba, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Akitafuta kazi, hata ya ulinzi, anaulizwa namba ya NIDA na barua ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti naye atamwandikiaje barua mtu asiye na nyumba mtaani kwake? Na wapo dada zetu wanaolipia malazi ya usiku kwa miili yao, kwa mwanamume ambaye naye anatumia. Katika chumba cha namna hiyo, kuacha unga ni kazi ngumu mno.

Baadhi yao wametuibia, najua. Aliyepoteza mtungi wake wa gesi ana haki ya kukasirika. Ila anayekwenda kliniki kila asubuhi amekwishaamua kuacha, na tunapomfukuza anayefaidika ni muuza unga peke yake.

Wenye nyumba, nawaomba ninyi kwanza. Mpokeeni mtu wa kliniki kwa kodi ya mwezi mmoja mmoja. Kama mna wasiwasi, aje na afisa ustawi wa jamii, mkae mzungumze, muandikiane. Misikiti na makanisa yetu huchangia misiba na harusi kwa moyo mkunjufu. Michango ya namna hiyo inaweza kumlipia mtu kodi mpaka apate kibarua. Fundi mwenye gereji, mwambie aje baada ya dozi, usimkatae kwa kuchelewa. Wenyeviti, akishapata chumba, barua yake isizungushwe, kwani bila hiyo hata kikundi cha kuombea mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri hakimpokei.

Mkutano wa mtaa wenu ukiitishwa, ombeni jambo hili litangulie ajenda za taka na mitaro. Mwenye chumba kitupu asimame palepale, mbele ya mwenyekiti, aseme kipo wapi na kodi yake kwa mwezi ni shilingi ngapi.