Jalada Halina Miguu

Kwa miaka mingi mwananchi aliyefika ofisini kuuliza habari za shauri lake amejibiwa maneno mawili: "Jalada halionekani." Sisi twasema jalada halina miguu. Likipotea, yuko mtu aliyeliweka mahali pasipolistahili, ama kwa uzembe, ama kwa kungoja mkono wa mwenye haja uingie mfukoni. Twaanza na habari hii kwa sababu makampuni na mashirika ya nchi yetu sasa yanazitoa kazi zao katika karatasi na kuzitia katika kompyuta, na wafanyakazi wengi wauliza kama jambo hili ni heri kwao au ni mtego. Jibu letu ni kwamba ni heri, lakini ina masharti yake, na masharti hayo hayatajitimiza yenyewe.

Kwanza ieleweke ya kwamba ofisi ya kidijitali si kompyuta iliyowekwa juu ya meza. Kompyuta zimekuwapo mezani siku nyingi, na nyingine tumezifunika vitambaa vya kufumwa. Ofisi ya kidijitali ni utaratibu ambao kwao dokezo, barua, hesabu na kumbukumbu za mkutano hukaa mahali pamoja, kila anayehusika akaziona wakati mmoja, na kila aliyezigusa akaacha jina lake na saa. Karani wa Mwanza akisahihisha tarakimu, mhasibu wa Dar es Salaam huiona imekwisha sahihishwa. Hapana tena nakala tano za bajeti moja, hii ikiitwa "ya mwisho" na ile "ya mwisho kabisa", kisha bodi ikapelekewa ile ya kwanza. Na lililo kubwa zaidi, dokezo likilala siku kumi, mfumo huonyesha limelala juu ya meza ya nani.

Hapo ndipo penye uchungu. Watu hudhani ya kwamba watakaoupinga utaratibu huu ni tarishi na karani wa masjala. Sivyo. Bwana mkubwa ambaye ukubwa wake ulikuwa lile rundo la majalada mbele yake, na ambaye kila jambo lilimngoja yeye arudi safarini, ndiye atakayeona amevuliwa nguo. Wako hata sasa wakuu wanaomtaka katibu muhtasi awachapishie barua pepe katika karatasi, wazijibu kwa kalamu, kisha yeye azipige upya.

Mfano wa faida hauko mbali. Mpaka juzi tu, angesema mzee mmoja, malipo ya Serikali yalikuwa safari. Lakini tuache utani. Kabla ya mwaka 2017 mtu alilipa benki, akabeba hati ya benki hadi ofisini, akangoja kuandikiwa stakabadhi. Mwaka huo ulipoanza mfumo wa malipo ya Serikali kwa namba ya kumbukumbu, mlipaji akawa analipa kwa simu yake, na fedha huonekana bila ya yeye kupanda daladala. Na tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, ilidhihirika ya kwamba jalada la karatasi haliwezi kusafiri kila siku baina ya miji miwili. Bunge likatunga Sheria ya Serikali Mtandao mwaka 2019. Makampuni yasiyo ya Serikali hayana udhuru wa kubaki nyuma.

Lakini tusidanganyike ya kwamba kununua mtambo ni kuongeza tija. Mwanauchumi wa Marekani, Robert Solow, aliandika mwaka 1987 ya kwamba zama za kompyuta zaonekana kila mahali isipokuwa katika takwimu za tija. Miaka mitatu baadaye, mwanahistoria wa uchumi Paul David alitafuta jibu katika historia ya umeme. Thomas Edison alifungua kituo chake cha umeme mjini New York mwaka 1882, lakini viwanda vya Marekani havikuvuna faida kubwa hadi miaka ya 1920. Sababu ni nini? Wenye viwanda waliiondoa injini ya mvuke, wakatia mota ya umeme mahali pale pale, wakauacha mhimili mmoja mrefu na mikanda yake uzungushe mashine zote kama zamani. Faida ilikuja pale kila mashine ilipopewa mota yake, jengo likapangwa upya, na mashine zikawekwa kwa kufuata njia ya kazi yenyewe.

Basi tujitazame. Fomu ya likizo iliyotaka sahihi saba katika karatasi, leo yataka kubonyezwa mara saba katika kompyuta, kisha huchapishwa, hugongwa mhuri na kutiwa katika jalada! Huko ni kubadili mota na kuuacha mhimili. Kabla ya kampuni kununua programu yo yote, yaipasa kukaa na wafanyakazi wake na kuuliza: sahihi hizi saba, zipi zina kazi?

Na katika kuuliza huko asisahauliwe karani wa masjala. Yeye ndiye ajuaye kila barua yakaa wapi na kwa sababu gani. Mfumo uliotengenezwa bila ya ujuzi wake huwa ghala lisilo na rafu. Afundishwe kazi mpya, na afundishwe katika saa za kazi zinazolipwa. Kama kampuni yaona haina haja naye tena, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kumwandikia barua ya kwaheri asubuhi moja kwa hoja ya teknolojia. Sheria yamtaka atoe taarifa ya kusudio lake, aeleze sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi kwanza.

Liko tena jambo la simu. Katika makampuni mengi, ofisi ya kidijitali imegeuka kuwa kundi la WhatsApp. Maagizo hutolewa saa nne usiku, na asiyejibu huulizwa asubuhi kwa nini. Simu ni ya mfanyakazi, bando amenunua mwenyewe, na siku anapoacha kazi huondoka na kumbukumbu zote za kampuni mfukoni. Huo si ushirikiano wala si tija. Sheria ile ile yaweka saa 45 za kazi kwa juma, na mapumziko ya saa 12 mfululizo baina ya siku na siku. Haikusema ya kwamba ujumbe wa simu haumo katika kazi. Kwa wenzetu wa Ufaransa, tangu Januari 2017 sheria yao yayataka makampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi yajadiliane nao juu ya haki ya kuzima mitambo baada ya kazi.

Vilevile mfumo unaoonyesha jalada limelala wapi waweza kutumiwa kuhesabu kila dakika ya mfanyakazi. Tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mfanyakazi ana haki ya kuambiwa ni habari gani zake zinazokusanywa na kwa kusudi gani. Wala tusisahau tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ikazorota nchi nzima. Kampuni isiyo na nakala ya kazi zake hapa nyumbani ilikaa mikono mitupu.

Mabaraza ya Wafanyakazi yaliwekwa kwa agizo la Rais la mwaka 1970 ili mfanyakazi awe na sauti katika uendeshaji wa shirika lake. Tunawataka wajumbe, kabla ya bajeti ya Julai kupitishwa, waliingize jambo hili katika ajenda: nani atalipia bando, mafunzo yatakuwa ya siku ngapi, na ni saa ngapi jioni ambapo mkuu wa idara hatatuma agizo tena. Majibu yake yaandikwe katika mkataba wa hali bora, na mkataba huo uwekwe ndani ya mfumo wenyewe, kila mfanyakazi aweze kuusoma.