Ulinzi wa Nchi na Kazi ya Mtu

Ndugu wafanyakazi,

Katiba ya Uganda ya 1995, kifungu cha 17, inamtaka kila raia mwenye afya apate mafunzo ya kijeshi akiitwa. Wako wanaotaka yawe ya lazima kwa wote.

Tanzania ilisimamisha JKT ya lazima mwaka 1994, ikairudisha 2013 kwa waliomaliza kidato cha sita. Hao hutoka shuleni. Mchukuzi wa magunia kwenye mashine za kusaga mahindi hapa Kisenyi hutoka kazini. Hana mkataba, hulipwa kwa siku. Akiwa kambini watoto watakula nini? Akirudi, nani atampa nafasi yake?

Kulinda nchi hatukatai. Tunadai sheria itaje kwanza posho ya familia na haki ya kurudi kazini.

Umoja ni nguvu!